Viza ya Mwenyekiti wa Korosho

Kila aliyewahi kufanya kazi na Mwenyekiti ana kisa cha siku aliyokaripiwa. Changu kilianzia kwenye fomu ya viza, mahali palipoulizwa kazi ya mwombaji. Nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Msambweni, upande wa barabara ya hospitali, na kwa miaka mingi nimewajazia watu fomu za kila aina: vyeti vya kuzaliwa, leseni, mikopo ya wanafunzi, hata barua mbili tatu za mapenzi ambazo sitaki kuzizungumzia. Najua fomu inataka kusikia nini. Kwa hiyo sikumwuliza. Niliandika kwamba yeye ni mkurugenzi wa kampuni ya kusindika vyakula, kisha nikamgeuzia kioo cha kompyuta apate kufurahi.

Hakufurahi. Aliniuliza neno lile la Kiingereza lina maana gani, nikamwambia.

"Futa," akasema.

"Mwenyekiti, hawa watu wanataka cheo."

"Hawa watu wataniuliza. Wakitaka kujua mkurugenzi hufanya nini kutwa nzima, nitawajibu nini? Andika mbangua korosho."

Niliandika, nami nikamwambia waziwazi kwamba viza tumeshaikosa kabla ya kuiomba. Akanijibu kwamba kazi yangu ni kuandika, ya kukosa au kupata nimwachie mwenyewe. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa najaribu kumsaidia, na kwa sababu hakuna mtu anayependa kufundishwa kazi mbele ya wateja wake.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo waulizwe wanaoyajua. Mimi nilimkuta akiwa Mwenyekiti tayari. Aliongoza kikundi cha wanawake kumi na wawili wenye banda la mabati njiani kuelekea Ramisi, na cheo hicho kilimganda hata jina lake likasahaulika. Arusini aliitwa Mwenyekiti, hospitalini aliitwa Mwenyekiti, na nimewahi kumsikia mjukuu wake akimwita hivyo hivyo akiomba uji.

Alikuwa mfupi, mwembamba, wa kutembea mbio, lakini salamu hakuwahi kuziharakisha. Ukimwamkia shikamoo huku macho yako yako kwenye simu, alikuitikia marahaba, kisha akaanza kukuuliza mmoja mmoja, mama yako, wifi yako, watoto wako, yule mgonjwa wenu, mpaka simu uiweke chini. Shughuli ilianza baada ya hapo. Vijana wa kutoka bara wanaofanya kazi Ukunda walimwona anapoteza wakati. Lakini nimeshuhudia mwenyewe: mtu aliyemalizana salamu na Mwenyekiti hakuweza tena kumwambia njoo kesho.

Kubangua korosho si kazi ya kuonea raha. Korosho ikikaangwa, ganda lake hutoa mafuta meusi makali yanayochoma ngozi kama maji ya betri. Wanawake hujipaka majivu mikononi, hugonga ganda kwa kirungu kidogo cha mti, kisha hulipasua kwa vidole ili kiini kitoke. Kiini kikitoka kizima kina bei. Kikivunjika, thamani yake imekwenda. Wafadhili fulani waliwahi kuwaletea glavu. Mwenyekiti alizipokea kwa shukrani nyingi, akapigwa picha amezivaa, halafu akazifungia kabatini. Nilipomwuliza sababu, alinishika kidole cha shahada akakiweka juu ya korosho iliyokaangwa.

"Wasikia hapa palipoachia?" akaniuliza.

Sikusikia kitu.

"Hapo ndipo inapofunguka. Kidole kinaona. Glavu haioni."

Yeye mwenyewe hakuvunja hata moja katika mia, na waliovunja aliwajua kwa mlio bila kugeuza uso. "Kilichovunjika ni chetu," alikuwa akisema, maana vipande viligawanywa wakaenda kupikiwa nyumbani. Sijamwona akila korosho nzima. Hata nilipomkaribisha zake mwenyewe, ambazo nilizinunua, alichambua pakiti akitafuta iliyopasuka, na kwa vile haikuwemo, hakula.

Lakini nisije nikamfanya malaika. Bandani alikataza umbea, na papo hapo hakuna posa wala talaka iliyompita kati ya Gazi na Shimoni. Aliwahimiza wenzake wawe na subira, naye alikula ugali wa moto kwa kasi ya kuunguza ulimi. Feri ya Likoni aliiogopa: alipanda akisoma dua, akashika nguzo, akafumba macho mpaka wafike ng'ambo. Ndege, ambayo hajawahi kuipanda, hakuiogopa hata chembe. "Bahari naijua," alisema. "Mawingu hayajanifanyia kitu."

Na juu ya ukweli wake wote ule wa kwenye fomu, dalali anayenunua magunia yao alipompigia simu alimwambia korosho bado ni mbichi, jua limekuwa haba, huku magunia makavu yamepangwa hadi yanagusa mabati. Siku moja nilimkamata na uongo huo, tena kwa furaha.

"Kumbe nawe wadanganya, Mwenyekiti."

"Yule huja na mizani yake," akasema. "Ile mizani ndiyo iliyoanza uongo. Mimi naijibu tu."

Kwa huyo dalali ndiko safari ilikotoka. Miaka yote korosho za upande wetu zimeondoka na maganda yake kwenye lori, na zikirudi huku huwa zimo ndani ya pakiti zenye majina ya watu wengine, madukani Diani, bei yake usiulize. Kikundi cha Mwenyekiti kiliweza kubangua, lakini kilichobanguliwa hakikuwa na mnunuzi mkubwa. Kiliuzwa kidogo kidogo, na magunia mengi bado yalimwendea dalali. Mwenyekiti alitaka korosho zitoke banda lile zimebanguliwa, zimefungwa, na jina la kikundi liko juu. Alilisema jambo hilo kila mkutano mpaka wanawake wakawa wanalimalizia kabla yake.

Mnunuzi alitokea Diani. Kuna hoteli iliyokuwa ikiruhusu akina mama kuuza vitu ndani ya ua wake mara moja kwa wiki. Wenziwe waliwaita wageni, wakawafuata, wakawavuta mikono. Mwenyekiti alikaa kimya na kisahani cha kuonjea. Mgeni mmoja, mwanamke mwenye maduka ya vyakula huko kwao Ulaya, alionja, akamimina pakiti nzima kiganjani, akaanza kuitafuta iliyovunjika. Hakuipata. Akauliza ni mashine gani inayofanya kazi hii. Kiingereza cha Mwenyekiti kilikuwa salamu na bei, basi akainua mikono yake miwili.

Kesho yake yule mama alikuja mpaka bandani, nami nikaitwa kutafsiri. Alikaa kutwa. Alipoondoka alisema hivi: kwao kuna maonyesho makubwa ya vyakula mwezi wa nne, Mwenyekiti aje, aketi na washirika wake, aone ghala lao, atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Washirika hao hawanunui kwa mtu ambaye hawajamwona uso kwa uso. Asipokuja, watachukua korosho kwa kampuni kubwa waliyoizoea, na yeye hatakuwa na la kufanya. Barua ya mwaliko iliingia kwenye kompyuta yangu baada ya wiki mbili. Nilipoitoa kwenye printa Mwenyekiti aliikunja mara nne, akaitia ndani ya msahafu, na hapo ndipo tulipoanza kugombana juu ya mkurugenzi.

Hapa lazima nieleze kosa letu, maana ni kosa ambalo wangeweza kulifanya watu wa korosho peke yao.

Miadi ya kwenda Nairobi kutoa alama za vidole tulipewa mwezi wa kwanza, msimu umepamba moto. Mikono ya Mwenyekiti ilikuwa myeusi hadi vifundoni, ngozi imebabuka na kukauka. Wanawake wa kikundi wakaona haya kwa niaba yake. Walisema huwezi kwenda kuwaomba wageni viza na mikono kama ya fundi wa magari. Basi kwa siku mbili waliisugua kwa ndimu na mchanga, na jiwe la kusugulia visigino, mpaka ule weusi ukatoka na ngozi yake. Mwishowe wakampaka hina kwenye ncha za vidole vyote kumi, kama anayesindikizwa arusini. Ilimpendeza kweli. Mimi, mtaalamu wa fomu, nilimsifu.

Tulikwenda wote kwa treni. Kwenye kituo cha maombi ya viza huingia mwombaji peke yake, kwa hiyo nilibaki chini, nikaagiza chai. Sijafika nusu ya kikombe nikamwona anatoka, bahasha kwapani.

"Imeniambia sina vidole," akasema.

Ilinibidi nimketishe ndipo anieleze. Msichana wa dirishani alimweka vidole juu ya kioo cha mashine, mashine ikakataa. Akamfuta kwa karatasi, ikakataa. Akampaka dawa, akambonyeza kwa nguvu, mara ya kumi, watu nyuma wanaguna. "Mama, vidole zako hazisomi kabisa," yule msichana alimwambia. "Hizi umezifanyia nini?" Mwenyekiti akamwambia ukweli: mafuta ya korosho, ndimu, mchanga, jiwe na hina. Yule msichana, nashukuru, hakucheka. Alimwambia aende akaipumzishe mikono wiki sita, asifanye nayo kazi yoyote, mistari itarudi.

Niliona aibu kubwa. Pasipoti tuliichukua kabla msimu haujaanza, hakuna korosho mtini, vidole vimepumzika, na mashine ya huko ilimkubali bila shida. Nilikuwa na habari zote mkononi na sikuziunganisha. Nilimwomba radhi ndani ya treni, baada ya Voi.

"Usinililie," akasema. "Nihesabie wiki sita zaishia lini."

Nikamhesabia. Zikiisha, zingebaki siku chache tu za kupeleka maombi ili majibu yawahi maonyesho.

Sasa mwambie mtu ambaye hajakaa bure tangu utoto wake akae wiki sita. Siku ya kwanza alizunguka banda akiwakosoa wenzake. Siku ya pili aliwakosoa zaidi. Siku ya tatu Mweka Hazina, mama wa makamo kutoka Taru, Mkristo mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alimwambia mbele ya wote, "Mwenyekiti, twakuheshimu, lakini ukae nje." Akakaa nje. Alifunga mikono yake ndani ya leso kama mtoto anayelala. Nyumbani hakuosha chombo, hakukuna nazi, hakufua. Alisumbuliwa kwa maswali na kila mpita njia aliyetaka kujua anaumwa nini.

Katika wiki ya tatu nilikwenda kumpelekea karatasi atie sahihi, sikumkuta mahali pake. Nilimkuta nyuma ya banda, amekaa juu ya debe, kirungu mkononi, maganda miguuni.

"Nazionja tu," akasema.

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea mtu wa umri wake, na sitaki kurudia niliyoyasema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akanieleza. Yule mnunuzi alikuwa ametaka kisanduku cha sampuli cha kupeleka kwenye maonyesho, kila kiini kizima, na wanawake walikuwa wanavunja. Wao walibangua vizuri kwa soko la hapa, lakini kisanduku kile kilikuwa kinataka vidole vyake. Bila vidole havitoki viini. Kwa vidole vinavyobangua haitoki viza.

"Basi wafundishe," nikamwambia, bado nina hasira.

"Miaka kumi na tano nawafundisha."

"Miaka kumi na tano unawanyang'anya. Wakikosea moja wachukua kirungu ufanye wewe. Nimekuona."

Nilidhani nimemvunjia heshima kiasi cha kutosamehewa. Alisimama, akajipangusa majivu, akaingia ndani, akakaa karibu na Mweka Hazina na mikono yake akaikalia, kweli kabisa, akaiweka chini ya mapaja.

"Weka kidole," akamwambia. "Usigonge bado. Tembeza. Wasikia wapi?"

"Hapa."

"Hapo hapana. Tembeza."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa siku zilizobaki. Alikuwa anatetemeka mabega kila kilipovunjika kimoja, lakini mikono haikutoka. Mwisho wa wiki ya tano Mweka Hazina alikuwa anasikia, na wengine watatu. Kisanduku kilijaa. Mwenyekiti alikimimina juu ya ungo, akakichambua kwa ncha ya kijiko asije akagusa mafuta, akaondoa viini vinne, akasema vilivyobaki vinafaa. Kwa kinywa chake hiyo ilikuwa sifa kubwa, na Mweka Hazina alilia.

Safari ya pili alikwenda peke yake. Mashine ilimsoma mara ya kwanza. Alinipigia simu kutoka kwenye ngazi za jengo lile akiniambia vidole vyote kumi vimo, akavitaja kimoja kimoja.

Majibu yalipokuja, alinipa bahasha nimsomee. Maombi yamekataliwa. Hakukuwa na matusi ndani yake, ni karatasi tu yenye visanduku, na kisanduku kilichotiwa alama kilisema afisa hakuridhika kwamba mwombaji atarudi kwao muda wa viza ukiisha.

Nimewasomea watu wengi karatasi hiyo. Wengine hulia, wengine hunilaumu mimi, wengine huiweka mfukoni na kusema ndivyo Mungu alivyopanga. Mwenyekiti aliniambia nimsomee tena, polepole.

"Wasema sitarudi?"

"Wasema hawajaridhika kwamba utarudi."

"Nisirudi niende wapi?"

Lilikuwa swali la kweli. Alikuwa anangoja jibu. Nikamweleza kwamba wapo wanaokwenda wakabaki huko, na afisa hawezi kujua nani ni nani. Akatafakari, akasema ni haki yao kuuliza, na kwamba kosa ni letu, kwani hatukuwaambia. Akavuta kiti.

"Hapa yawezekana kuomba tena?"

"Yawezekana. Lakini Mwenyekiti, maonyesho yamekaribia. Majibu yaweza kuja yamekwisha."

"Andika."

Mimi nilikuwa nimependekeza hati ya shamba na barua ya chifu. Alizileta, lakini juu yake alitaka iwekwe barua yake mwenyewe, ya Kiswahili, na tafsiri yangu chini. Ninayo nakala hadi leo.

"Kwa afisa," ilisema. "Salaam. Mmeandika kwamba hamna hakika nitarudi. Haya ndiyo yanayoningoja. Mimi ni mwenyekiti wa wanawake kumi na wawili, na magunia ya korosho yako bandani, yakikaa mno yanaharibika. Nina mbuzi mwenye mimba. Nina wajukuu watatu walio kwangu kwa sababu mama yao anafanya kazi mbali. Nina kesi ya mpaka na jirani yangu, itasikizwa mwezi wa saba, na sijawahi kukosa siku ya kesi. Nikibaki kwenu jirani atashinda. Ninakuja kuuza korosho. Sina haja nyingine na nchi yenu, ingawa nasikia ni nzuri."

Nilimsihi aondoe mbuzi. Nilimsihi zaidi aondoe kesi, maana nani anamwambia balozi kwamba ana kesi? Alikataa vyote viwili, na safari hii sikubishana sana. Nilitafsiri kama ilivyo. Pia nilifanya jambo moja la maana, la pekee ambalo ninaweza kujivunia katika habari hii: kwenye tarehe za safari niliongeza wiki tatu baada ya maonyesho, za kuona ghala.

Pasipoti ilirudi siku ile ile maonyesho yalipofungwa. Niliifungua mimi, nikaiona viza imebandikwa. Furaha na uchungu vilinijia pamoja, sikujua nianze na kipi. Mwenyekiti alifika baada ya swala ya adhuhuri. Nilimwonyesha, kisha nikamwambia ukweli, kwamba maonyesho yamekwisha leo.

Aliweka kidole juu ya ile karatasi ya rangi rangi.

"Hapa imeandikwa nini?"

"Biashara."

"Haikuandikwa maonyesho?"

"Hapana."

"Basi mwandikie yule mama. Mwambie nakuja wiki ijayo, na kisanduku ninacho."

Nilisema kwamba washirika pengine wameshanunua kwingine. Nilisema tikiti ya ndege ni pesa za kikundi kizima, na akirudi mikono mitupu hatakuwa na uso wa kuwatazama. Nilisema mengi, mengine ya busara. Akaniambia wanawake wameshakaa kikao asubuhi ile kabla pasipoti haijaja, na wameamua kwamba viza ikitoka, yuaenda. Nikaandika. Jibu lilikuja kabla hatujafunga: washirika bado hawajatia sahihi kwa mtu, lakini hawatangoja zaidi ya mwisho wa mwezi.

Akaenda. Kwa siku kumi na moja hatukupata habari ila ujumbe mmoja kwenye simu ya Mweka Hazina, kwamba amefika na ni mzima. Siku ya kumi na mbili lori la dalali lilisimama mbele ya banda, na wanawake, ambao hawakujua kama kuna mkataba au hakuna, walimwambia hawauzi. Sijui wangemwambia nini kama dalali angerudi wiki iliyofuata. Nilipita pale jioni nikaona wameogopa, na bado wanabangua.

Nilimwona Mwenyekiti siku tatu baada ya kurudi kwake. Aliingia saiba na begi dogo begani, akangoja wateja wangu wawili waishe. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza wa nyumbani wote, na mimi nikaona hata Ulaya haikumbadilisha. Ndipo akaweka mkataba mezani. Ulikuwa wa shehena ya kwanza, ya majaribio, korosho zimebanguliwa, zimefungwa, kwa jina la kikundi. Wakiridhika nayo, watachukua ya msimu mzima. Niliusoma mara mbili kutafuta mtego, sikuuona.

"Na Ulaya je?" nikamwuliza.

"Baridi. Na watu wanakula korosho hawaziangalii."

Sikupata zaidi ya hapo. Alikuwa na jambo jingine analotaka kunieleza. Ndege yake ilitua Nairobi asubuhi, na treni ya kurudi pwani ilikuwa ya mchana. Badala ya kungoja stesheni, alipanda teksi na begi lake hadi kituo cha maombi ya viza.

"Askari wa mlangoni akaniuliza, mama, uko na appointment? Nikamwambia sina, nimekuja kusema kwamba nimerudi. Akacheka. Nikangoja amalize kucheka."

"Akakuruhusu?"

"Nilimwuliza habari ya kwao. Akaniruhusu."

Dirishani alikuwapo yule yule msichana wa vidole, naye alimkumbuka. Mwenyekiti akamwonyesha mhuri wa kuingia nchini, wa asubuhi ile. Msichana akamwambia, "Mama, sisi hatuna form ya mtu kusema amerudi. Watu wakirudi huenda tu home."

"Nikamwambia, mwanangu, mlikuwa na karatasi ya kuniambia sitarudi. Mwakosaje ya kuandika kwamba nimerudi?"

Msichana akachukua karatasi nyeupe, akaandika jina la Mwenyekiti kamili, namba ya pasipoti, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, na chini yake akagonga mhuri wa kupokea barua. Akaitoa nakala, moja akabaki nayo.

Mwenyekiti aliifungua ile nakala mbele yangu, akainyoosha kwa kiganja.

"Iweke kwenye kompyuta," akasema. "Mwezi wa kumi na moja aomba Mweka Hazina, aende akatie sahihi ya msimu mzima. Yake ianzie hapa, ili wasimwulize."

Nikaiweka juu ya kioo cha skana, nikafunga kifuniko.